Kofia ya Waliozubaa

Katika jumba la mfalme pale Toledo, mahali pa Doña Mencía de Valdehoja palikuwa pa mwisho kabisa. Mabibi wa malkia walikaa juu ya jukwaa la mazulia, kila mmoja na mto wake wa mahameli. Warembo walikuwa karibu na malkia, matajiri wakawafuata, na huko mwisho, kando ya mlango mdogo ambao watumishi walipitishia makaa ya moto, alikaa Mencía. Upepo wa mlango ule ulimpuliza shingoni miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuna mwanamume aliyewahi kuja kusimama nyuma ya mto wake.

Si kwamba alikuwa na sura mbaya. Pua ilikuwa ndefu kidogo, ndiyo, lakini pua za akina Valdehoja zilikuwa ndefu tangu enzi za vita na Wamoro, na hazijamzuia mtu kuoa wala kuolewa. Kilichomponza ni ulimi. Bwana akimwambia macho yake ni nyota, Mencía alimwuliza nyota ipi, na bwana wa watu akaenda kutafuta bibi asiye na maswali. Mwenyewe hakujuta. Aliijua thamani yake, na aliamini kwa moyo mmoja kwamba waliompita bila kumwona, hasara ilikuwa yao.

Balaa ililetwa na kaka yake. Don Íñigo, mwenye nyumba ya Valdehoja tangu baba yao afariki, alikuja wiki ya Pasaka, akabusu mkono wa malkia, kisha akamvuta dada yake dirishani.

"Dada, nimekupatia mahali."

"Mume?"

"Bora kuliko mume. Watawa wa Santa Orosia wamekubali kukupokea. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana nakuja kukuchukua."

Mencía alimkazia macho aone kama anatania. "Mimi, utawani? Kaka, mimi hata sala ya jioni hunikuta nasinzia."

"Utazoea."

"Na mdomo huu je? Wale si wanakaa kimya mwaka mzima?"

"Ndiyo maana nikawachagua wao," alisema Íñigo, akacheka mwenyewe. Alipoona hachekewi, akashusha sauti. "Sikiliza, Mencía. Una miaka ishirini na tisa. Mahari nitakayotoa mimi ili uolewe na bwana wa hadhi yetu itaimeza mizabibu yote ya Valdehoja, na mimi nina mabinti watatu wanakua. Watawa hawadai mengi. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba sitaki."

"Basi nionyeshe mchumba. Bibi wa malkia mwenye mchumba nyuma ya mto wake hachukuliwi na ndugu zake, hilo najua. Nionyeshe mmoja tu, nami nitarudi nyumbani na kufunga mdomo."

Alimtania kama mtu anavyomwambia kipofu asome. Akaondoka akiimba, na Mencía akarudi kwenye mto wake. Utawani! Ukuta wa mawe, supu ya dengu, na wanawake arobaini wasioruhusiwa kuulizana swali. Usiku ule hakulala, ila alfajiri alikuwa amekata shauri: haendi. Ataponaje hakujua, lakini kwenda, haendi.

Hapa lazima nieleze habari ya kofia, maana bila kofia hakuna hadithi. Mbele ya mfalme wa Kastilia wanaume wote husimama vichwa wazi, isipokuwa wachache tunaowaita Wakuu. Mkuu huvaa kofia yake hata mfalme akiwa hatua mbili mbele yake, na kwa haki hiyo watu wameuana, ndugu wamekana ndugu. Sasa, upo mwanya mmoja. Mwanamume aliyepewa ruhusa ya kumposa bibi wa malkia, akisimama nyuma ya mto wake, naye huvaa kofia kama Mkuu, kwa kuwa inachukuliwa kwamba mapenzi yamemzubaisha hata mfalme hamwoni. Tunawaita Waliozubaa. Sheria yao ni moja tu. Aliyezubaa akimvulia mfalme kofia, amekiri mwenyewe kwamba akili anazo na macho anayo, na kwamba siku zote alizosimama na kofia alikuwa akimvunjia heshima mwenye nchi. Wa mwisho kuteleza hivyo alifungwa mnarani akiwa kijana, akatoka ana mvi. Na bibi wake alichekwa mpaka akaomba mwenyewe aruhusiwe kuondoka mjini.

Wiki mbili baada ya Pasaka, Doña Brianda, yule bibi mkongwe aliyesimamia mabibi wote na kutoa ruhusa za uchumba, alimjia Mencía macho yamemtoka.

"Mwanangu, umepata mtu."

"Mtu gani?"

"Don Gutierre de Montalvillo. Amekutaja kwa jina, nimemwuliza mara mbili. Anakuja leo. Nakuomba kitu kimoja, kwa mapenzi ya Mungu: usimwulize chochote."

Don Gutierre alikuwa bwana mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Babu yake alikuwa Mkuu. Katika vita vya zamani mzee yule alichagua upande ulioshindwa, na kofia ikaondoka nyumbani kwao kama maji kwenye gudulia lililopasuka. Tangu hapo watu wa Montalvillo walisimama vichwa wazi, mvua ije, jua liwake. Majira ya baridi yaliyopita, mfalme akitoka kanisani chini ya manyunyu, Mkuu wa Peñarrubia, kofia yake pana kichwani, alimgeukia Gutierre aliyelowa chapachapa na kumwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Montalvillo, kichwa chako kitaota uyoga." Uwanja mzima ulicheka. Walicheka mpaka kwenye chakula cha jioni, na kila sahani ya uyoga ilipopita mtu alimtazama Gutierre.

Basi akaja, na kofia nyeusi yenye unyoya mweupe wa mbuni, akasimama nyuma ya mto wa mwisho. Hakusema kitu siku ile, wala siku iliyofuata. Mencía, kwa heshima ya Doña Brianda, alijizuia kadiri alivyoweza. Siku ya tatu watumishi walipita na beseni la fedha la kunawia, na ndani ya fedha ile iliyong'aa akauona uso wa mchumba wake. Hakuwa akimtazama yeye hata kidogo. Alikuwa akimtazama Mkuu wa Peñarrubia upande wa pili wa ukumbi, kidevu juu, kama jogoo aliyepanda ua.

"Don Gutierre," alisema Mencía bila kugeuka, "umekuja kunichumbia mimi, au umeileta kofia yako matembezi?"

Mwanamume mwingine angeapa kwa watakatifu wote wa mbinguni. Huyu alisema polepole, "Nimeileta kofia, bibi yangu. Nisamehe. Sijui kusema uongo, hata nikijaribu hautoki."

Ilimuuma. Tuseme ukweli, ilimuuma sana. Lakini Mencía hakuwa mtu wa kukaa na donda akililamba. Kabla beseni halijafika kwa malkia alikuwa ameshaona jambo lingine. Katika jumba lile ambamo hata paka walisema uongo, amepata mwanamume mmoja anayesema kweli, na mwanamume huyo anahitaji mto wake kama yeye anavyomhitaji mchumba.

"Kwa nini mto wangu?" aliuliza.

"Wengine wote wana watu."

"Angalau hukusema macho yangu ni nyota. Sasa nisikilize. Kaka yangu anataka kunifungia utawani sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Ukiwa hapo nyuma, hawezi. Wewe simama, vaa kofia yako, mwache Peñarrubia apasuke nyongo. Mimi nibaki na nafasi yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Gutierre, na kwa mara ya kwanza akainamisha macho kumtazama.

Tatizo ni kwamba hakujua kuzubaa. Jumba zima lilimwona amesimama wima kama askari wa zamu. Ikabidi Mencía amfunze, akisema kwa kunong'ona nyuma ya upepeo wake wa mkononi.

"Usikaze shingo. Uniangalie mimi, si ukuta."

"Nakuangalia."

"Unaniangalia kama mtu anayekagua nyumbu sokoni."

"Nyumbu huwa nawakagua kwa moyo wote, bibi yangu. Ukikosea nyumbu, mavuno yote yamekwenda."

Mencía aliangua kicheko, cha wazi kabisa, hata malkia akageuka. Doña Brianda alifunga macho akasali. Kuanzia siku ile watu walianza kusema kwamba huenda Montalvillo amezubaa kweli.

Maneno yakawa mengi. Gutierre alimsimulia habari za korongo, ndege wa miguu mirefu, waliojenga kiota juu ya mnara wa kanisa la Montalvillo, wanaogonganisha midomo yao padri akianza mahubiri, mpaka padri anasimama na kuwangoja wamalize. Mencía aliuliza: kwa nini hawawaondoi ndege hao? Padri husema nini akingoja? Makinda huangukaje? Kwa kila swali Gutierre alifikiri kwanza, kisha akajibu kama swali lililostahili jibu. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Kufika mwezi wa Mei, Mencía alijikuta asubuhi akisikiliza hatua ngazini, na moyo ukimdunda, akajitukana kwa maneno asiyofundishwa na mama yake. Mkataba ni mkataba. Bwana alikuja kwa ajili ya kofia, na alisema hivyo mwenyewe.

Don Íñigo alipokuja kuangalia dada yake na kumkuta mwanamume mwenye unyoya mweupe nyuma ya mto, uso ulimshuka. Hakurudi nyumbani kufunga mdomo kama alivyoahidi. Alimzunguka Gutierre kama mnunuzi anayetafuta kasoro ya nguo, kisha Mencía akamwona amevuka ukumbi hadi kwa Mkuu wa Peñarrubia. Vichwa vyao vilikaa pamoja muda mrefu. Mara moja kaka yake aliinua macho akautazama ule mlango mdogo wa makaa. Mencía aliona hilo, na hakulielewa.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Íñigo alikuja na mwongoza nyumbu, sanduku, na shuka jeusi la kitawa limekunjwa vizuri juu ya sanduku. Aliliacha pale ngazini ambapo kila mtu alipita.

"Umeleta shuka la nani, kaka?" aliuliza Mencía. "Umeamua kwenda mwenyewe?"

"Cheka, dada, cheka. Huko hawacheki."

Alikuwa na furaha isiyoeleweka, na furaha ile ilimtisha Mencía kuliko shuka. Mabibi walikuwa mahali pao. Kila mtu aliuelekea mlango mkubwa, ambako mshika fimbo hugonga sakafu mara tatu mfalme akija, ili Waliozubaa wapate nafasi ya kuzubaa vizuri. Gutierre alisimama nyuma yake, na leo mikono yake ilikuwa na taabu kuliko kawaida.

"Kesho ni sikukuu," alisema.

"Najua."

"Kuna jambo nataka kukuuliza, bibi yangu. Nimelipanga tangu Jumapili, na sasa sijui nianzie wapi."

"Anzia popote. Mimi ndiye mwenye maswali hapa, nitakusaidia kumalizia."

Akavuta pumzi. Na hapo hapo, nyuma yao kabisa, ule mlango mdogo wa makaa ukafunguka, na sauti isiyofanana na nyingine katika Kastilia nzima ikasema karibu na sikio la Gutierre, "Mahali hapa pana baridi."

Kofia ilitoka. Gutierre hakuitoa yeye, ilitolewa na miaka thelathini ya malezi. Mtoto wa nyumba kama zile hufundishwa kuvua kofia kwa sauti ya mfalme kabla hajafundishwa kusali, na mkono hauulizi ruhusa. Kufumba na kufumbua, unyoya mweupe ulikuwa kifuani kwake, na kichwa ki wazi.

Nyuma ya mfalme alisimama Mkuu wa Peñarrubia, na nyuma yake Don Íñigo, wote wawili wamejaa tabasamu.

"Mtukufu," alisema Peñarrubia, "kumbe anasikia. Na macho pia yanafanya kazi. Basi tangu Pasaka huyu bwana amesimama na kofia mbele yako akiwa na akili zake timamu."

"Masikini dada yangu," alisema Íñigo, akitikisa kichwa. "Fedheha iliyoje. Nitamchukua leo hii, asiendelee kuaibika."

Mfalme hakucheka. Alimgeukia Gutierre. "Don Gutierre, kofia hiyo umenivulia mimi?"

Mencía aliona midomo ya Gutierre ikifunguka. Alimjua. Aliijua kweli ile inavyotoka, polepole, bila kona. Atasema ndiyo, ataongozwa mnarani, na yeye atapakiwa juu ya nyumbu pamoja na shuka lake. Bibi wa malkia hasemi mbele ya mfalme asipoulizwa, hilo nalo hufundishwa mapema. Mencía alisimama juu ya mto wake.

"Hapana, Mtukufu. Hakukuvulia wewe."

Doña Brianda alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

"Amenivulia mimi," alisema Mencía. Sauti yake ilifika mpaka mlango mkubwa. "Bwana huyu alikuwa ananiomba nimkubali, nami nimemkubali. Mwanamume aliyekubaliwa na bibi wake asivue kofia? Atakuwa hana adabu. Kama wewe umeingia wakati huo huo, Mtukufu, na kwa mlango wa makaa, tuwie radhi. Hatukukutazamia huko."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Peñarrubia alikuwa mwekundu. "Uongo mtupu! Mwulize mwenyewe, Mtukufu. Kila mtu anajua Montalvillo hawezi kusema uongo."

"Hilo nami nimelisikia," alisema mfalme. "Haya, Don Gutierre. Ulikuwa unamwomba bibi huyu akubali kuolewa nawe?"

Mencía hakuthubutu kumtazama usoni. Alitazama unyoya mweupe kifuani pake. Nilimfunza kutazama, aliwaza, kwa nini sikumfunza kudanganya?

"Mtukufu," alisema Gutierre, "sikuwa nimefika kwenye neno lenyewe. Nilitaka kumwomba tangu siku alipouliza padri wetu husema nini akiwangoja korongo. Nimekuwa nikiogopa kwamba atakataa." Alifikiri kwanza, kama alivyofikiri kwa kila swali. "Sasa nimesikia kwamba amekubali. Kwa hiyo nafikiri nimeshamwomba."

Malkia, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, alisema kwa utulivu, "Nimesikia ombi, nimesikia na jibu. Mimi ni shahidi."

Hapo ndipo mfalme alipocheka, na mfalme akicheka jumba zima lina ruhusa. "Peñarrubia aliniambia nikiingia kwa mlango huu nitacheka leo. Hakunidanganya. Don Íñigo, karibu. Bibi wa malkia anaolewa, na shahidi wake ni malkia. Nyumba ya Valdehoja itatoa mahari inayolingana na shahidi huyo, sivyo?"

Íñigo aliinama chini sana, na alikaa huko chini muda mrefu, akiiaga mizabibu yake mmoja mmoja.

"Lakini Mtukufu," alisema Peñarrubia kwa meno yaliyobana, "aliyeoa hazubai. Sheria ni sheria."

"Kweli. Don Gutierre, siku utakayovaa pete, kofia yako itakuwa kama ya wenzako. Nikipita, kichwa wazi."

"Kichwa kikibaki mabegani, Mtukufu," alisema Gutierre, "kikiwa wazi kinatosha."

Walioana mwezi wa Julai, na shuka jeusi Mencía alilishona likawa pazia la zizi. Akaenda Montalvillo, akawakuta korongo na padri wao, wote kama alivyoelezwa, hakuna kilichoongezwa chumvi. Alikuwa mwenye nyumba, alikuwa na funguo kiunoni na maswali kinywani, na watu walimzoea. Kufungwa utawani kulimpita kabisa. Angetosheka, na mara nyingi alitosheka.

Ila kulikuwa na kijiba cha shaka moyoni. Kilimjia wakati wa kusuka nywele, au Gutierre akiwa amekwenda kukagua nyumbu. Maneno yale pale ukumbini yalikuwa matamu, lakini yalisemwa na mtu ambaye mnara ulikuwa unamngoja. Siku moja alimwuliza waziwazi.

"Ulichomwambia mfalme kilikuwa kweli, au ulikuwa unaiokoa shingo yako?"

"Unajua sijui kusema uongo."

"Hakuna ajuaye mpaka siku anapohitaji."

Gutierre alifikiri sana. Alimletea pichi mbili kutoka bustanini, akakaa karibu naye akiwa na huzuni, na Mencía akaona haya kwa kuuliza, lakini kijiba hakikutoka.

Mwaka uliofuata waliitwa Toledo. Mfalme alikuwa anatoka kwenda kuwinda, na kama desturi mabwana wote wa nchi walijipanga uwanjani pamoja na wake zao kumuaga. Kabla hajatoka kila mtu ana kofia kichwani, maana jua la pale halina rafiki. Tarumbeta ikilia, kofia zote hutoka kwa pamoja, isipokuwa za Wakuu. Peñarrubia alikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Alimwinamia Gutierre kwa adabu ya kejeli, akaigusa kofia yake pana kwa kidole.

Gutierre hakumwona. Alikuwa akimsimulia mkewe habari aliyoletewa asubuhi ile na mtu wa nyumbani: kinda wa korongo ameanguka kutoka kiotani, ameingia kwa dirisha la kanisa wakati wa ubatizo, na amekutwa ndani ya kisima cha ubatizo amesimama kwa mguu mmoja.

"Padri akafanyaje?" aliuliza Mencía.

"Ngoja, usiruke. Kwanza mama wa mtoto..."

Tarumbeta ililia. Uwanja mzima ulivuma kama kundi la njiwa linaloruka, kofia mia tatu zikashuka. Gutierre aliendelea. Mama wa mtoto alipiga kelele, baba akamshika ndege shingo, padri akasema usimwue, ameingia kwa miguu yake mwenyewe. Alisimulia kwa mikono yote miwili, uso wake umemwelekea mkewe tu, na kofia nyeusi ilikuwa imekaa kichwani pake imara kama paa la nyumba.

Mencía alimwona mfalme akitoka mlangoni. Alimwona akishuka ngazi, akija upande wao, na akaona watu wanaanza kugeuka. Alijua vizuri kinachoweza kumpata mwanamume asiye Mkuu wala mchumba anayesimama na kofia mbele ya mwenye nchi. Alijua anatakiwa kumkanyaga mguu sasa hivi. Alichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa anamtazama tu. Hakuna aliyemfunza kuzubaa huku. Hata yeye Mencía hakuwahi kumfunza hivi.

"Mtukufu!" alifoka Peñarrubia. "Tazama! Huyu tena! Na safari hii hana mto wa kujificha nyuma yake!"

Mfalme alisimama mbele yao. Hata Peñarrubia alivyofoka, Gutierre aliinua sauti tu ili asikike juu ya kelele, kwa kuwa alikuwa amefika mahali pazuri, ambapo padri anamwuliza baba wa mtoto ndege apewe jina gani. Kivuli cha mfalme kilimfunika miguu. Mfalme alimsikiliza, kichwa kimeinama kidogo, kisha akamtazama Mencía, akaweka kidole mdomoni, akaendelea zake kuelekea kwa farasi wake. Peñarrubia alibaki mdomo wazi.

Machozi yalimtoka Mencía, naye hakuwa mtu wa machozi. Aliunyosha mkono, akamvua mumewe kofia taratibu, akaishika kifuani kwake.

"Vipi?" alisema Gutierre. "Unalia nini? Kinda ni mzima, wamemrudisha kiotani."

"Mfalme amepita, bwana wee."

Gutierre alitazama kulia, akatazama kushoto, jua likimpiga kichwani.

"Mfalme yupi?" aliuliza.